Msaidizi wa Daktari wa Meno Naye Apewe Ngazi ya Kupanda

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yatangazwapo, sisi walimu hujiwa na vijana wanaotaka shauri la kazi. Mimi hufunza hapa Kitengela, na miongoni mwao hakosi aliyeahidiwa kazi katika mojawapo ya kliniki za meno zilizopangana kando ya barabara ya Namanga. Swali lao huwa moja: baada ya miaka mitano nitakuwa wapi? Kwa wengi, jibu la kweli ni kwamba watakuwa pale pale.

Tuitazame kazi yenyewe. Msaidizi ndiye ampokeaye mgonjwa na kumtuliza. Ndiye atayarishaye ganzi, achanganyaye dawa ya kuzibia jino, afyonzaye mate na damu, na kutakasa vyombo kwa mvuke mkali ili homa ya ini na virusi vya UKIMWI visitoke kinywa kimoja hadi kingine. Uzembe wake mdogo waweza kumpokonya mtu uhai. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Na daktari peke yake hazibi jino.

Kajiado, fauka ya hayo, ina shida yake. Visima vingi vya kaunti hii vina floridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Walimu tunawaona watoto wanaoficha vinywa wakicheka kwa sababu ya meno ya kahawia. Haja ya watumishi wa meno, basi, si ya anasa.

Aliyehitimu diploma ya afya ya kinywa katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) ana jina na mahali pa kusajiliwa. Lakini yule aliyejifunza kwa kutazama mikono ya daktari aghalabu hutoka kliniki mikono mitupu. Fundi wa magari aliyefunzwa chini ya mti aweza kufanya mtihani wa serikali wa daraja la tatu, kisha la pili, hatimaye la kwanza. Iweje ashikaye spana awe na ngazi, naye ashikaye sindano ya ganzi asiwe nayo?

Wenzetu ng'ambo walilitambua jambo hili zamani. New Zealand ilianza kuwafunza wauguzi wa meno wa shule mwaka wa 1921, na Uingereza imewataka wauguzi wa meno wasajiliwe tangu mwaka wa 2008.

Wenye kliniki watasema kwamba kodi ya nyumba ni ghali na dawa hutoka ng'ambo, hivyo mshahara ukipanda mgonjwa ndiye atakayelipa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijibu yote. Mkataba wa maandishi haugharimu zaidi ya karatasi, na Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inaudai kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi anayeondoka haki ya cheti cha utumishi. Isitoshe, msaidizi anayehama kila baada ya miezi michache humlazimu daktari kufunza upya, nayo ni hasara.

Walimu wenzangu wanajua uchungu huu. Mgomo wetu wa Oktoba 1997 ulizaa ahadi ya nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, na hata baada ya ahadi hiyo serikali ilisita kuitimiza. Ikiwa maelfu wenye chama walizungushwa hivyo, ni nani atakayemsikia mtu mmoja katika chumba cha watu wawili?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, ujuzi uliopatikana kazini upimwe na kutolewa cheti. Pili, serikali ya kaunti, ambayo imebeba mzigo wa huduma za afya tangu 2013, iweke madaraja na mishahara ya wasaidizi hawa katika hospitali zake, ili kliniki za watu binafsi zipate kipimo cha kufuata. Tatu, wasaidizi wenyewe waungane.

Nanyi wanafunzi, msiidharau kazi hii. Lakini kabla ya kuvaa koti jeupe, ulizeni mkataba u wapi. Chanda chema huvikwa pete. Hakiachwi kikachakaa bure.