Mrembo wa Insta na Akiolojia: Mnamcheka kwa Lisilo!

Mrembo mmoja mwenye jina kubwa Insta ameposti mpango wake wa masomo ya mwaka wa pili chuo. Anasoma akiolojia. Weee! Komenti zikawa moto: "anasomea kufukua makaburi", "digrii ya njaa hiyo".

Jamani, huo ni ushamba. Fuvu la Zinjanthropus lililoipa Olduvai jina duniani liliibuliwa mwaka 1959 na mwanamke, Mary Leakey. Nyayo za Laetoli zina miaka kama milioni 3.6. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Sasa vyote hivyo visomwe na wageni tu?

Ila mrembo naye ana lake. Kozi za hiari kajaza utalii na makumbusho, zile zenye picha kali. Upimaji, ramani na maabara kavisukumia mwaka wa mwisho. Hapo kachemka. Likizo ya kwenda kuchimba ikifika, asiyejua kupima shimo ataishia kubeba ndoo za udongo. Na kigae kikishatolewa ardhini bila kuandikwa kilikuwa tabaka gani, ndo basi tena, hakirudishiki. Utafiti wa mwisho ataandika nini?

Muda bado upo, abadilishe kabla usajili haujafungwa. Mashabiki wanaompenda kweli wamwambie hilo, siyo kumzodoa.

Wewe mdau unaonaje? Dondosha komenti hapo chini.