Dhahabu ya Mara inahitaji mkono wa sonara

Huko Nyamongo, wilayani Tarime, mkoani Mara, mgodi wa North Mara umekuwa ukizalisha dhahabu tangu 2002, na jirani yake wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, na kusaga mawe kwa krasha. Sokoni, dhahabu hiyo huulizwa maswali mawili tu: ina uzito gani, na ni safi kiasi gani?

Wakusanyaji wa saa za kale za dhahabu huuliza mengi zaidi.

Chukua Calatrava ya Patek Philippe, iliyotoka Geneva mwaka 1932. Ni saa nyembamba ya kutia ufunguo, yenye upana wa milimita 31 hivi, isiyo na tarehe wala madoido. Nyingi ni za dhahabu ya karati 18, yaani asilimia 75. Ukiiyeyusha utabaki na kidonge kidogo. Ikiwa nzima inauzwa kwa maelfu ya dola. Kasha lililosuguliwa mpaka kingo zikafutika hushuka bei, ingawa dhahabu iliyopotea ni chembe tu. Kinacholipiwa ni kazi ya fundi.

Kinalipiwa pia kitambulisho. Kwa zaidi ya karne moja, hadi 1995, Uswisi iligonga makasha ya dhahabu ya karati 18 mhuri wa kichwa cha Helvetia, mwanamke anayeliwakilisha taifa hilo, na mnunuzi huutafuta kwa lenzi kabla ya kutoa pesa. Saa ambazo Sultani Qaboos wa Oman aliagiza ziwekwe nembo ya jambia, akazitoa zawadi, leo hugombaniwa kuliko zile zisizo na nembo hiyo.

Tanzania nayo imepiga hatua katika kuiongezea dhahabu yake thamani: masoko ya madini yalianza kufunguliwa 2019, na kiwanda cha kusafishia dhahabu kikazinduliwa Mwanza 2021. Lakini kupima na kusafisha bado ni kuuza malighafi. Vijana wa Tarime wanaojua kuutambua mwamba wenye dhahabu wafundishwe pia kuyeyusha, kufua, kuchonga na kung'arisha, na kila pambo lipigwe mhuri wa karati pamoja na alama ya Mara.

Wateja hawako mbali. Watalii wanaoingia Hifadhi ya Serengeti kwa lango la Ikoma hupita wilaya ya Serengeti, jirani kabisa na Tarime. Halmashauri za wilaya hizi mbili zingeanza na darasa moja la usonara Tarime na duka moja Mugumu, mji mkuu wa wilaya ya Serengeti, linalouza pete na vifungo vya shati vilivyofuliwa Mara kwa dhahabu ya Mara.