Beberu wa Baba Mdogo na Pembe za Taifa

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mwandiga, na asubuhi moja niliandamana na baba mdogo kwenda kuuza mbuzi. Mnunuzi alimtaka beberu mkubwa kuliko wote, akapandisha bei hadi mara mbili. Baba mdogo akakataa. "Huyo ndiye zizi lenyewe," alisema, akamsogezea vibeberu wawili waliodumaa.

Nimelikumbuka jibu hilo kila ninaposoma habari za uwindaji wa kitalii, kwa maana taifa letu hufanya kinyume: humwita mgeni mwenye fedha, likamwonyesha dume bora.

Mfano unaojulikana zaidi unatoka jimbo la Alberta, Kanada. Huko kondoo-mwitu dume huruhusiwa kupigwa pindi pembe yake inapojikunja kufikia sehemu nne kwa tano za duara. Kinachopimwa ni umbo la pembe, wala si umri. Basi dume ambaye pembe zake hukua upesi hukifikia kipimo angali kijana, kabla hajapanda majike wengi. Mwenzake mwenye pembe duni hubaki, akazaa. Mwaka 2003, watafiti waliolifuatilia kundi la Ram Mountain kwa takriban miaka 30 walionyesha kwamba pembe zilikuwa zimepungua kizazi hadi kizazi. Wataalamu wangali wakibishana ni kiasi gani kilitokana na urithi na kiasi gani na lishe. Ubishi huo ni wa haki, ila haukifanyi kipimo chenyewe kuwa cha busara.

Karibu nasi zaidi ni Gorongosa, Msumbiji. Vita vya 1977 hadi 1992 viliangamiza takriban asilimia 90 ya tembo wa hifadhi hiyo, na majike wasio na pembe wakaongezeka kutoka asilimia 18.5 hadi 50.9. Ule ulikuwa uuaji usio na kibali, lakini risasi haisomi kibali. Humchagua mwenye pembe vilevile.

Nasi watu wa Kigoma si wageni wa hesabu hii. Ujiji ilijengwa kwa sehemu kubwa na misafara ya pembe iliyokwenda Tabora hadi Bagamoyo. Lugha yetu ilikuwa hata na majina ya kuzipambanua: kubwa ni buri, ndogo ni kalasha. (Vijana wangapi leo wanayajua maneno hayo?) Mwaka 1898 tembo mmoja aliuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na pembe zake mbili zilikuwa na uzito wa takriban kilo 200. Leo pembe moja ya kilo 45 ni habari ya magazeti.

Na habari hizo tumezisoma. Kuanzia mwishoni mwa 2023, madume kadhaa wa Amboseli wenye pembe kubwa walipigwa risasi upande wetu wa mpaka, katika eneo la Enduimet. Watetezi walisema ni wazee waliomaliza kazi ya kuzaa. Utafiti wa vinasaba uliofanywa Amboseli unasema vingine: madume wa miaka zaidi ya 40 ndio wanaozalisha zaidi.

Sitaki uwindaji upigwe marufuku. Moyowosi, hapa mkoani kwetu, haina msururu wa magari ya watalii wenye kamera, na bila ada ya vitalu mapori kama hayo yangekosa mlinzi. Lakini ikiwa kwa simba kanuni zetu zimetambua umri tangu 2010, zikitaka dume awe ametimiza miaka 6, kwa nini kwa tembo tuendelee kutazama ukubwa wa pembe? Pembe ziwekewe kima cha juu, si cha chini pekee, ili wale wachache wakubwa kupita wote wasiguswe na yeyote. Na kila kitalu kitangaze kilichouawa, umri wake, urefu wa pembe zake na fedha iliyolipwa, orodha ikabandikwe katika ofisi ya kila kijiji jirani, kama tunavyobandika matokeo ya mitihani.