Seva Iko Dar, Mteja Yuko Wapi?

Mtu akiandika neno "Ndama" kwenye Google bila kuongeza lolote, asishangae akifunguliwa zizi zima. Ataelezwa namna ya kumlisha ndama aliyeachishwa maziwa, chanjo zake na bei yake, na huenda akakutana hata na N'Dama, ng'ombe wadogo wa Afrika Magharibi wenye asili ya Futa Jalon nchini Guinea, wanaosifika kwa kuhimili maradhi yanayoenezwa na mbung'o. Kata ya Ndama wilayani Karagwe, pamoja na migomba na mibuni yake, italazimika kupanga foleni nyuma ya ng'ombe.

Linachekesha, mpaka mtu awe na kitu cha kuuza huko Ndama.

Upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kichekesho hicho kina sura nyingine. Kyerwa ina kata iitwayo Isingiro. Ng'ambo ya mto Kagera, Uganda nayo ina wilaya nzima ya Isingiro, na ndani yake yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa miongo kadhaa mashirika ya kimataifa yameandika ripoti juu ya Nakivale, na ripoti nyingi zinalitaja jina la Isingiro. Mwenye nyumba ya wageni Isingiro ya Kyerwa akifungua tovuti, siku ya kwanza tu anajikuta anashindania jina na Umoja wa Mataifa. Hata jina la Karagwe lenyewe lina mzigo wake: sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kulihusu kwa Kiingereza ni habari za ufalme wa Rumanyika na ziara ya Mwingereza John Hanning Speke aliyefika huko mwaka 1861. Anayetafuta mche wa mgomba hana haja na Speke.

Hapo ndipo mafundi wa tovuti huingia na dawa. Inayouzwa zaidi ni hii: hamisha seva. Ukiiweka Dar es Salaam, Google itajua wewe ni Mtanzania na itakupandisha. Fundi mwingine anakuja na dawa iliyo kinyume kabisa: ipeleke Ulaya au Marekani, huko ndiko kwenye nguvu. Wote wawili wanashika nusu ya ukweli, na nusu yenyewe imechakaa.

Ni kweli kwamba mahali ilipo seva ni mojawapo ya dalili ambazo Google huzitazama inapokisia tovuti imelenga nchi gani. Kila seva ina namba yake ya mtandao, na namba hiyo huonyesha nchi. Lakini kampuni hiyo yenyewe imekuwa ikisema katika maelekezo yake kwa wenye tovuti kwamba dalili hiyo si ya kutegemea, kwa kuwa watu wengi huweka tovuti zao katika nchi zenye miundombinu bora, na wengine hutumia mitandao ya kusambaza nakala ambayo hutunza kurasa zilezile katika miji mingi kwa wakati mmoja. Cloudflare, kwa mfano, ina mitambo hadi Mombasa. Tovuti inayopitia huko seva yake iko wapi? Swali lenyewe linaanza kukosa maana.

Chenye uzito zaidi ni mkia wa jina. Tovuti inayoishia na .tz imejitambulisha kuwa ya Tanzania hata kama seva yake iko Frankfurt. Mkia huo umekuwapo tangu 1995. Majina yake yalisimamiwa kwa miaka mingi na kituo cha tzNIC, na sasa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Humo mna .co.tz ya biashara, .or.tz ya mashirika, .ac.tz ya vyuo na .go.tz ya serikali. Wanaokimbilia .tv kwa sababu wana televisheni ya mtandaoni, au .me kwa sababu inapendeza, wajue wamenunua mikia ya Tuvalu na Montenegro. Hawatahesabiwa kuwa wa huko, maana Google huichukulia mikia hiyo kuwa haina nchi, kama .com. Ila hawatahesabiwa kuwa wa Tanzania pia.

Nchini Tanzania suala la mkia liliwahi kufika hata mahakamani. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alipofikishwa Mahakama ya Kisutu, miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuendesha tovuti ambayo jina lake halikusajiliwa Tanzania, kwa kuwa JamiiForums ilitumia .com. Wanasheria wana yao ya kusema juu ya shauri hilo. Kwa mtu wa tovuti, funzo lake ni la aina nyingine: JamiiForums haikuhitaji .tz ili Watanzania waikute. Tangu 2006 walikuwa humo wenyewe, wakiuliza na kujibiana kwa Kiswahili juu ya ada za vyuo, bei za viwanja na magonjwa ya kuku, na tovuti nyingine zikiunganisha kwake. Ushahidi wa namna hiyo wa nchi ambayo tovuti ni yake hauwezi kupikwa na fundi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza seva iwe wapi, mwenye tovuti aulize mteja wake yuko wapi. Chukua kahawa. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya robusta. Mkulima hupeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, na vyama vya msingi viko chini ya chama kikuu, KDCU. Chama cha msingi kikitaka tovuti, kinamtaka nani aisome? Ikiwa ni wakulima wake, wa kujua bei ya msimu, siku ya malipo na mgawo wa miche, basi .tz, Kiswahili, na anwani inayotaja kata, wilaya na mkoa vinatosha. Ikiwa ni mnunuzi aliyekaa Trieste, bandari ya Italia yenye biashara kubwa ya kahawa, basi mkia wa .tz hautamsaidia akitafuta kwa Kiitaliano akiwa kwake, kwa kuwa umekwisha kusema ukurasa huu ni wa Watanzania. Haumzuii kuufikia, ila unaupunguzia nafasi mbele ya kurasa zilizojitangaza kuwa za kwao au za dunia nzima. Wengi hutaka vyote viwili kwa ukurasa mmoja: nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, bei haipo, namba ya simu haina +255. Ukurasa wa namna hiyo haulengi mtu yeyote.

Na Kiswahili peke yake hakitoshi kuitaja nchi. Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Wajerumani au Wajapani unapopotoka ukiletwa Afrika Mashariki. Ukurasa wa Kijapani unajulikana unakokwenda. Ukurasa wa Kiswahili unaweza kuwa wa Tanga, Nakuru, Goma au Muscat. "Bei ya kahawa ni shilingi" haisaidii kitu: Tanzania, Kenya na Uganda zote zina shilingi, na thamani zake hazilingani. Mwandishi makini ataandika "shilingi za Tanzania" angalau mara moja, ataweka namba ya simu yenye +255, na ataitaja Kagera kwa jina. Tovuti yenye kurasa za nchi mbili inaweza pia kubandika alama ya siri kwenye kila ukurasa kuonyesha huu ni Kiswahili cha Tanzania, ule ni cha Kenya. Ni mistari michache tu, na haidai seva ihame.

Je, seva basi haina maana kabisa? Ina maana, lakini kwa njia ya uchochoroni: kasi. Google ilianza kuihesabu kasi ya kurasa mwaka 2010, na kwa simu za mkononi mwaka 2018. Ombi linalotoka Kayanga, wilayani Karagwe, kwenda seva ya Ulaya na kurudi hupita baharini kwa nyaya, na kila mzunguko hula takriban sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Ukurasa mzito huhitaji mizunguko mingi. Seva iliyo Dar hupunguza safari hiyo. Lakini mwenye tovuti aliyepachika picha kumi za shamba kama zilivyotoka kwenye kamera hataokolewa na seva iliyo jirani. Mteja wa bando la siku atakuwa ameondoka picha ya pili ikiwa bado inafunguka.

Sababu nzito zaidi ya kuweka seva nyumbani haihusiani na nafasi kwenye matokeo. Ilionekana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo tovuti iliyo Ulaya ni kama haipo. Iliyo kwenye seva ya Dar es Salaam, yenye watumiaji wanaounganishwa kupitia vituo vya ndani vya kubadilishana mawasiliano, ina nafasi ya kuendelea kufunguka. Kwa tangazo la mnada wa kahawa au ratiba ya kliniki, hilo ni jambo kubwa kuliko kuwa wa kwanza kwenye Google.

Na ziko nchi ambazo dawa ya kuhamisha seva ingefanya kazi. China ni mojawapo: anayetaka kuonekana vizuri kwenye Baidu, injini ya utafutaji ya huko, hufaidika na seva iliyo ndani ya China bara, na hiyo haipatikani bila kibali cha serikali ya huko. Mafundi wengine husoma ushauri wa soko hilo wakauhamishia Kagera bila kuuosha.

Kuna upande mwingine usiozungumzwa: aliko anayetafuta. Oktoba 2017 Google ilitangaza kwamba matokeo yatafuata mahali alipo mtu, hata akiandika anwani ya nchi nyingine. Aprili 2025 ikatangaza kwamba anwani za nchi kama google.co.tz zingeelekezwa zote kwenye google.com. Vizuri, lakini mahali hapo panajulikanaje? Simu iliyozimiwa huduma ya mahali hukisiwa kwa namba ya mtandao, na namba za kampuni za simu mara nyingi huonyesha lilipo lango la kampuni, si alipo mteja. Aliyesimama Ndama anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Dar es Salaam, akaletewa mafundi wa Kariakoo. Aliyesimama Murongo ya Kyerwa, ukingoni mwa mto Kagera, akitumia laini ya Uganda inayodaka mnara wa ng'ambo, anahesabiwa yuko Uganda, na Isingiro yake inageuka ile ya Nakivale.

Mkulima wa Karagwe anaijua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali ua kwa sababu shida haisubiri mavuno. Basi na afahamu hili kabla haraka kama hiyo haijamsukuma kumlipa fundi wa tovuti. Zamani Google ilikuwa na kitufe ambacho mwenye tovuti ya .com alikitumia kuchagua nchi anayoilenga. Kilifungwa Septemba 2022. Bado wapo wanaotoza pesa kwa kukibonyeza. Kilichobaki kinafanywa bure na mwenye duka mwenyewe kwa simu yake: kuisajili biashara kwenye ramani ya Google, kuchomeka pini mahali penyewe, kisha kubadili kichwa cha ukurasa kutoka "Karibu" kuwa "Kata ya Ndama, Karagwe, Kagera".