Kufaulu na Kuchaguliwa: Maana ya Alama za Kufuzu

Kila mwaka yatokapo matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwalimu wa kijijini huulizwa maswali ambayo chuoni hatukumfundisha kuyajibu. Tulipokuwa tukiwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, tulimkuta mzee mmoja katika shule iliyo karibu na stesheni ya Gulwe, wilayani Mpwapwa. Mjukuu wake alikuwa amepata daraja B. Kijana huyo amekulia kando ya reli, akiitazama treni ya zamani na kisha ile ya umeme iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, naye alikuwa amekwisha kutangaza nyumbani kwamba atakuwa mhandisi. Mzee alitaka kujua kwa nini hakupelekwa shule ya sekondari ya ufundi. "Mwalimu, mlituambia kafaulu. Mbona hakuchaguliwa?" Alijibiwa kwamba alama hazikutosha. Jibu hilo halikuwa uongo, lakini mzee aliondoka nalo kama alivyokuja, na twadhani hata aliyelitoa hakulielewa vema.

Hapana budi tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kiwango cha kufaulu, ambacho hupangwa kabla na hakitazami idadi ya watahiniwa. Katika mtihani wa mwaka 2021, kwa mfano, masomo yalikuwa 6, kila moja likiwa na alama 50, jumla 300. Aliyepata alama 121 au zaidi alihesabiwa kuwa amefaulu, hata kama nchi nzima ingefaulu pamoja naye. Jambo la pili ni kikomo cha kuchaguliwa. Hiki hakuna akijuaye kabla ya mtihani, kwa sababu ni alama ya yule aliyeipata nafasi ya mwisho. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi au Iyunga hazina nafasi kwa kila aliyefaulu nchini. Nafasi zikiwa chache, kikomo hupanda, zikiongezwa, hushuka, mtihani ukiwa mgumu, hushuka vilevile ingawa watoto hawakupungukiwa akili. Kwa hiyo mwalimu amwambiaye mtoto, "Mwaka jana walichukua wenye alama kadhaa, nawe ukizipata utakwenda," amemwahidi kitu kisicho mikononi mwake.

Hali ni hiyo hiyo huko juu. Nchini mwetu mtihani wa kidato cha sita ndio uamuao, kwa sehemu kubwa, nani ataingia kusomea uhandisi. Alama A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kiwango cha chini cha kuomba shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, na kwa uhandisi masomo hayo huwa mara nyingi Hisabati ya Juu na Fizikia. Mwenye D mbili amefikisha pointi 4, basi anaruhusiwa kuomba. Kuruhusiwa kuomba si kupewa nafasi, maana mbele yake wamesimama wenye A na B. Nchini India, ambako mashindano haya yamekuwa makali kupita kiasi, takriban watahiniwa 250,000 walio bora katika mtihani wa kwanza hupewa ruhusa ya kufanya mtihani wa pili, nao hugombea nafasi zisizofika 20,000 katika vyuo vikuu vya teknolojia viitwavyo IIT. Wengi waliofuzu hurudi nyumbani.

Lakini lituhusulo zaidi sisi walimu wa shule ya msingi ni kwamba jumla huficha. Tuchukue mfano wa watoto wawili. Wa kwanza ana Kiswahili 42, Uraia na Maadili 40, Maarifa ya Jamii 39, Sayansi 30, Kiingereza 25 na Hisabati 9. Jumla ni 185, daraja B. Wa pili ana Kiswahili 28, Uraia 27, Maarifa ya Jamii 26, Sayansi 36, Kiingereza 25 na Hisabati 38. Jumla ni 180, daraja C. Kijiji kitampigia vigelegele wa kwanza. Sisi tukiulizwa ni yupi aliye karibu na uhandisi, hatutasita kumtaja wa pili. Na zile alama 9 za Hisabati hazikuanza darasa la saba. Zilianza pale mtoto alipoachwa nyuma katika kugawanya na katika sehemu, naye mwalimu akaendelea na wale walionyosha mikono.

Somo lenyewe laweza kufundishwa darasa la tano bila kifaa chochote. Andika ubaoni alama za wanafunzi 10 wa kubuni, watoto wazipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha uwaambie nafasi ni 4. Alama ya mwisho iliyopata nafasi ni ipi? Nafasi zikiwa 6 je? Waondolee wote alama 5 kila mmoja, kana kwamba mtihani ulikuwa mgumu, waone kwamba mpangilio haukubadilika ila kikomo kimeshuka. Tumejaribu zoezi hili na wanachuo, na tukiri kwamba baadhi yao walikawia kuliona hilo la mwisho.

Siku ile Gulwe, kabla mzee hajafika mbali, tulimwita atuonyeshe karatasi aliyonakiliwa matokeo. Daraja la jumla B, Hisabati D. Hakuna aliyekuwa amemsomea mstari huo. Kijana alikuwa anakwenda kuanza kidato cha kwanza katika sekondari ya kata, na mzee alituuliza ni nani huko afundishaye Hisabati.