Tafakari ya Juma: Simu Mkononi, Usukani Magotini



Wapendwa waamini, katika mazishi ya watu waliofia barabarani tumezoea kusikia kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba ajali haina kinga. Ya pili, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tumezisikia kwa wazee, tumezisikia kwa wasoma risala, na kwa aibu tunakiri kwamba mara nyingine zimetoka vinywani mwetu sisi tuliovaa stola. Juma hili tunaomba kuzikataa zote mbili. Kazi ya Mungu haina makosa, hilo ni kweli kabisa. Lakini dereva anayeandika ujumbe wa simu huku akiendesha lori la tani 30 hafanyi kazi ya Mungu. Kumsingizia Mungu kifo kilicholetwa na kidole gumba cha mwanadamu ni kufuru, hata tukiisema kwa sauti ya upole na macho yenye machozi.

Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kati ya Mikumi na Iringa, hatuna haja ya kuhadithiwa. Mwenye nafasi asimame nusu saa karibu na kijiwe cha bodaboda atazame. Atamwona dereva wa lori ameinamisha kichwa kana kwamba anasali. Atamwona kijana wa pikipiki amebana simu kati ya kofia na sikio, nyuma amepakia mama na mtoto mgongoni. Atamwona na Mkristo mwenzetu katika gari dogo, rozari ikining'inia kwenye kioo, usukani ameushikilia kwa magoti ili mikono yote miwili ipate kujibu kundi la kwaya. Rozari ile si hirizi. Mama Bikira Maria hakuahidi kumshikia mtu usukani.

Tufanye hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde linapita mita 22. Anayetazama simu kwa sekunde tano tu amekwenda mita 110 bila macho, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Nani kati yetu angekubali kufungwa kitambaa usoni na kukimbia uwanja mzima wenye watoto wanaocheza? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya kupata ajali mara nne hivi kuliko asiyeitumia. Na wenye vipokea sauti masikioni wasijipongeze sana: mikono imebaki kwenye usukani, ila akili imekwishasafiri.

Wapo wanaouliza, dhambi hiyo imeandikwa wapi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine njiani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anabeba hatia nzito. Simu haikutajwa, na sababu yake ni ya kihistoria. Papa Yohane Paulo II alitia sahihi hati ya kuitangaza Katekisimu hiyo tarehe 11 Oktoba 1992. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu duniani ulitumwa huko Uingereza tarehe 3 Desemba mwaka huo huo, wiki saba tu baadaye. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba Amri ya Tano inamhusu mlevi ambaye macho yake yanaona mbili mbili, lakini haimhusu mtu mzima mwenye akili timamu aliyechagua kutotazama kabisa? Mlevi angalau anaweza kusingizia pombe.

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva. Wengi waliupokea kwa kicheko. Amri ya kwanza ilirudia ile ya Tano ya Musa, na ya tisa ilidai kumlinda aliye dhaifu zaidi njiani. Kwetu aliye dhaifu zaidi anatembea kwa miguu na ana ndoo kichwani.

Jibu tunalopewa mara nyingi ni kwamba simu ilikuwa ya kazi. Basi na tuitazame simu ya kazi. Tarehe 24 Julai 2013, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, treni ilikuwa inakaribia Santiago de Compostela, Hispania, mji ambao mahujaji huuendea kwa karne nyingi. Dereva wake alikuwa akizungumza kwa simu na mhudumu wa treni hiyo hiyo juu ya mambo ya safari. Treni iliingia kwenye kona kwa kilomita 179 kwa saa mahali palipotakiwa 80. Watu wapatao 80 walifariki. Simu ilikuwa ya kazi kweli.

Wala tusimwachie dereva peke yake mzigo huu. Nani anayempigia kila baada ya dakika kumi kumuuliza amefika wapi? Ni mke, ni tajiri mwenye gari, ni mwenyekiti wa jumuiya. Na ndani ya basi, abiria hamsini wanamwona dereva akicheka na simu, na wote kimya, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Akitokea mwanamke mmoja jasiri akapaza sauti, anaambiwa ashuke apande la kwake. Karatasi ya kuchunguza dhamiri tunayoigawa wakati wa Kwaresima inauliza juu ya kusengenya na juu ya kufunga siku ya Ijumaa. Haina swali hata moja juu ya usukani. Karatasi hiyo tuliiandika sisi wenyewe.

Nasi hatuna mkono safi. Jumapili moja tulikuwa njiani kwenda kigangoni, tumechelewa. Ujumbe wa katekista ukaingia: waamini wamekusanyika, Padre. Tukausoma, tukaanza na kuujibu. Tulipoinua macho, mwanamke mzee alikuwa ndani ya mtaro, ameruka kutupisha, ndoo imemwagika, kanga imelowa. Alilitambua gari la parokia. Kutoka kule mtaroni akatuamkia: "Tumsifu Yesu Kristo, Padre." Tulimwitikia, tukamwomba radhi, tukaendelea na safari, tukaadhimisha Misa. Homilia ya siku ile hatuikumbuki.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutabariki vyombo vya moto kama ilivyotangazwa. Swali lile limekwishaongezwa kwenye karatasi, na kila dereva atalisoma kwa sauti kabla hatujanyunyiza maji. Katekista na viongozi wa jumuiya wanaombwa wasitupigie tukiwa njiani. Tukichelewa, imbeni.

Wenu katika Kristo,
Padre Paroko