Ushonaji Usidharauliwe Shuleni

Wapo wazazi, na hata walimu, ambao bado huliona somo la ushonaji kuwa kimbilio la mwanafunzi aliyeshindwa na hesabu. Dhana hiyo ni potofu, na ushahidi wake haupo mbali. Unapatikana katika marobota ya mitumba yanayofunguliwa kila siku Gikomba jijini Nairobi, ambamo mna tai, skafu na mishipi isiyokuwa na wanunuzi wengi.

Itazame tai kuukuu. Aghalabu kitambaa chake hukatwa mshazari, kwa pembe ya digrii 45, ili kivutike shingoni bila kukunjamana. Ukiufumua uzi mrefu ulio mgongoni mwake, ukatoa bitana na kitambaa kigumu cha ndani, utabaki na kipande kilicho chembamba upande mmoja na kipana upande wa pili. Vipande kadhaa vikiunganishwa, wembamba ukawekwa kiunoni na upana ukaelekezwa kwenye pindo, hupatikana sketi iliyopanuka vizuri pasipo kupoteza kitambaa kingi.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Iwapo kiuno ni sentimita 72 na vipande ni 12, kila kipande sharti kibaki na sentimita 6 baada ya kushonwa. Mshono nao unahitaji sentimita moja kila upande. Kwa hivyo kipande kikatwe kwa sentimita 8. Atakayesahau mshono atapungukiwa na sentimita 24, na sketi haitamwingia mtu. Hakuna ubao utakaomfunza mwanafunzi somo hilo kwa ukali kama huo.

Wala ubunifu wa namna hii si wa kigeni kwetu. Yasimuliwa katika historia ya leso kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani ya Waswahili walinunua vitambaa vya mkononi, ambavyo Wareno waliviita lenço, wakaunganisha sita na kupata vazi moja la kujitanda. Wafanyabiashara walipoona vazi hilo linapendwa, wakaanza kuagiza vitambaa vizima vilivyokwisha kupigwa chapa. Wabunifu walikuwa akina mama wenye sindano. Viwanda viliwafuata baadaye.

Watakuwepo watakaodai kuwa kuzisifu bidhaa za mitumba ni kuvizika viwanda vyetu vya nguo, ambavyo vingi vilidhoofika baada ya soko kufunguliwa katika miaka ya 1990. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kiwanda hakifufuliwi kwa mitambo pekee. Huhitaji mikono inayojua kitambaa. Isitoshe, serikali ilipopiga marufuku uagizaji wa mitumba mwaka 2020 kwa hofu ya korona, ilibidi marufuku hiyo iondolewe mwaka huo huo, kwa kuwa riziki za wengi zilikuwa hatarini. Madhali mitumba ingalipo, ni heri tuiongezee thamani hapa nchini kuliko kuiacha iishie jaani.

Ipo hatari nyingine ambayo walimu hawana budi kuiepuka. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wazazi wamelalamika kuhusu vifaa wanavyotakiwa kununua kila mara. Mwalimu akiagiza kila mtoto aje na tai 12, atakuwa ameligeuza somo la kuokoa pesa kuwa mzigo mpya. Darasa na likusanye kilichopo: tai iliyochakaa, skafu iliyotoboka, mshipi uliokatika, vifungo vya shati kuukuu. Vipande vinavyotupwa na mafundi wa mitaani pia vyafaa.

Kadhalika, somo hili lisiachiwe wasichana pekee. Tembea katika mji wowote nchini utawaona wanaume wakiendesha vyerehani barazani na kulisha familia zao kwa kazi hiyo. Itakuwaje basi mvulana aone haya kushika sindano darasani?

Twawasihi walimu wakuu wavitoe vyerehani stoo, na Wizara ya Elimu ihakikishe shule zisizo navyo zinavipata. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuitupa nguo iliyochakaa, ifumueni kwanza mwone ilivyoshonwa. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mwenye sindano anaweza kuufanya mbachao huo kuwa msala mpya.